Ndoo ya Sekunda

Siku mliponiaga mlinipa kitenge, sufuria mbili na chupa ya chai. Chupa ya chai, mimi, niliyewachemshia chai pale kituoni polisi miaka ishirini na minne! Nilicheka peke yangu kwenye bajaji mpaka dereva akaniuliza kama niko salama. Pale ukumbini mlisema, Bibi, tuachie neno. Nikasimama, nikasema asanteni, Mungu awabariki, nikakaa. Afande Leticia wa dawati la wanawake na watoto akaniinamia sikioni: "Bibi, wewe unayekumbuka jina la kila mtu aliyepita pale kaunta, leo umekosa maneno?"

Sikukosa. Neno nililokuwa nalo lilikuwa refu, na halikufaa kusemwa watu wameshika soda. Basi nimenunua daftari, nimekaa hapa Area D kibarazani kwa binti yangu Felista, naandika. Shule niliishia darasa la nne. Mkikuta herufi zimelaliana, msomeane taratibu.

Mimi ni Msandawe wa upande wa Chemba, hilo mnalijua, maana mmenichosha kwa kunitaka nigonge ulimi, kama maneno ya lugha yetu yanavyogongwa. Niliajiriwa kituoni kudeki. Siku ya kwanza nilikabidhiwa dekio, ndoo, mche wa sabuni na ufunguo wa choo, na aliyenikabidhi ni Sajenti Mgaya, mtu mkubwa wa mwili aliyekuwa akikaa kaunta kama kabati. Akaniuliza, "Mama Feli, unaogopa polisi?"

"Naogopa, afande."

"Basi utadumu. Wasiotuogopa ndio wanaotuibia sabuni."

Nilideki mwaka mzima bila mtu kuniuliza chochote isipokuwa kama chai ina tangawizi. Halafu siku moja akaja mzee wa kwetu, Mzee Yosefu, ameibiwa ng'ombe, na Kiswahili chake ni cha kuombea maji tu. Maaskari wawili walikuwa wanamfokea kwa sauti kubwa, kama vile asiyejua lugha ni kiziwi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nasugua chini ya benchi. Nikamjibu kwa Kisandawe hukohuko chini. Mzee wa watu alishtuka, akatazama huku na huku, hajui sauti ya nyumbani imetoka wapi. Tangu siku hiyo ikawa, "Mama Feli, weka dekio, njoo." Na vijana: "Mama, tupigie ile ya kugonga." Nikawaambia, anayetaka nigonge anibebee ndoo kwanza. Nilibebewa ndoo nyingi sana mwaka ule.

Aliyenifundisha kazi yenyewe ni Koplo Zaituni. Mrangi wa Busi, mfupi, ana sauti ya chini mpaka unainama kumsikia. Dawati la wanawake na watoto lilikuwa bado ni chumba kilichokuwa stoo, kinanuka matairi. Yeye akakifagia mwenyewe, akatafuta viti viwili vya kimo kimoja, akatandika mkeka, akaweka kopo la karanga. Kofia yake ya kazi aliivua akaitundika nyuma ya mlango, pasipoonekana. Hivyo ndivyo vilivyokuwa vifaa vyetu.

Wengi tuliowapokea katika chumba kile walikuwa na ulemavu wa akili. Zamani tuliwaita majina mabaya, siyarudii hapa. Wengi wao walikuwa wameumizwa na watu wanaowalisha. Ndiyo maana kuwahoji ni kazi. Zaituni aliniambia, "Mama Feli, ukishauliza, funga mdomo. Hesabu vifungo vya shati langu, kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Ukifika cha mwisho na bado hajajibu, anza tena." Mwanzoni niliona ni mchezo. Lakini nimewaona watu wakiongea kwenye kifungo cha sita, safari ya tatu, maneno ambayo ndugu zao walisema hawana.

Na mimi nilimfundisha jambo moja la kwetu, nalo nililijua kabla sijajua kusoma. Mtoto wetu akiulizwa kitu na mkubwa, akajibu, kisha mkubwa akamuuliza kilekile mara ya pili, mtoto anajua amekosea, anabadilisha jibu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mama hakuambii umekosea, anakuuliza tena tu. Na mwenye ulemavu wa akili amelelewa hivyo maisha yake yote, na kila mtu kwake ni mkubwa. Zaituni alinisikiliza, akaandika kwenye karatasi: Tusiulize mara mbili. Akaibandika ukutani kwa ugali, gundi ilikuwa imekwisha.

Naandika hili mjue kwamba nilijua. Nililijua kabla ya Sekunda.

Sekunda aliletwa Jumatatu asubuhi na jirani yake wa Msalato, Mama Rehema, muuza mboga. Alikuwa mwanamke wa miaka kama thelathini, ila akicheka ni msichana mdogo. Siku ile hakucheka. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa kwa kanga, umevimba kuanzia kiwiko mpaka vidole. Alikuwa anaishi kwa dada yake, Modesta, na mume wa dada, Bonifasi. Wote ni watu wa kwetu Chemba, walihamia Msalato kufuata vibarua vya ujenzi. Sekunda Kiswahili hakijui, anajua maneno mawili matatu ya dukani. Kwanza alipewa fomu, akapelekwa hospitali, akarudi na hogo jeupe la plasta mkononi. Daktari alikuwa ameandika mfupa umevunjika. Umevunjwa na nini, hiyo ilibaki kazi yetu.

Zaituni hakuwepo. Alikuwa Busi, mama yake amefariki. Aliyekaa mezani ni Konstebo Gervas, kijana mwema, mwenye haraka. Aliacha kofia kichwani. Nami sikumwambia aivue.

Nitawaandikia yale mahojiano kama yalivyokuwa. Mimi nauliza kwa Kisandawe, Gervas anaandika.

"Nani amekuumiza?"

"Bonifasi."

"Kwa nini?"

"Uji umeungua."

"Amekupiga kwa kitu gani, kwa mkono?"

"Mpini wa jembe."

Kila akijibu nilitikisa kichwa cha kukubali, kumpa moyo. Nikaona usoni amefurahi nikitikisa. Akawa kila akisema anatazama kichwa changu.

Gervas akasema, "Muulize saa ngapi."

Nikamuuliza. Sekunda akafikiri, akasema, "Kuku wanaingia bandani. Ndoo iko juu ya mawe. Ndoo kavu."

"Anasemaje?" akauliza Gervas.

"Jioni, afande. Kama saa kumi na mbili."

"Safi. Mara ngapi?"

"Sekunda, alikupiga mara ngapi?"

"Nyingi. Ndoo kavu, mama. Imefunikwa."

"Anasema mara nyingi."

"Nyingi ngapi, mama? Nyingi haiandikiki."

Basi nikamuuliza tena. Mara moja? Akanyamaza. Mbili? Akanyamaza, ananitazama kichwa. Tatu? Labda aliona nimechoka. "Tatu," akasema, haraka. Nikatikisa kichwa. "Tatu, afande." Gervas akaandika tatu.

Halafu akainua kalamu. Siwezi kumlaumu Gervas, maana aliuliza. Alisema, "Mama Feli, kuna neno analirudiarudia hapa. Ni nini?"

"Mambo ya ndoo tu, afande. Utoto."

"Haya, achana nayo."

Ikawa hivyo. Maelezo yalitoka yamenyooka kama shati lililopigwa pasi: Mnamo majira ya saa kumi na mbili jioni, nikiwa nyumbani Msalato, shemeji yangu alinipiga kwa mpini wa jembe mara tatu. Nikamsomea kwa lugha yetu, akatikisa kichwa kama nilivyokuwa nikitikisa mimi, akaweka dole gumba. Wiki ile mkuu wa kituo alikuwa na wageni. Akapita nao mlangoni, akaninyooshea mkono: "Na huyu ndiye mkalimani wetu." Hakusema mdeki sakafu. Nilitembea siku nzima kama mtu aliyevaa viatu vipya.

Zaituni aliporudi kutoka msibani aliyasoma yale maelezo amesimama. Akayasoma mara ya pili. Akaniita stoo, akafunga mlango.

"Mama Feli, huyu anayeongea humu ni Sekunda au ni wewe?"

"Ni Sekunda, afande. Mimi nimeyapanga tu."

"Kuna kitu alisema hukukileta?"

Nilikuwa na nafasi pale. Alihesabu vifungo, nilimwona macho yakishuka kwenye gauni langu la kazi, kimoja kimoja, akinisubiri. Nikafikiria wageni wa mkuu wa kituo. Nikafikiria kuitwa tena, kuulizwa tena, na Gervas kujua kwamba mkalimani wao anaruka maneno.

"Hakuna," nikasema.

Zaituni hakuuliza mara ya pili. Aliishika ile karatasi yetu ya ukutani kuliko nilivyoishika mimi.

Kesi ilipofika mahakamani nilienda kusikiliza, nikakaa benchi la nyuma nimevaa kitenge cha kanisani. Mkalimani wa pale alikuwa mzee mmoja, Mwalimu Damasi, Kisandawe chake kizuri tu. Bonifasi alikuwa na wakili. Sekunda akasimama kizimbani, hogo limeshatolewa, mkono umepona vibaya, umepinda. Mwendesha mashtaka alimwongoza vizuri, akasema jina la Bonifasi, akasema mpini. Nikapumua. Ndipo akasimama wakili.

"Shahidi, ilikuwa saa ngapi?"

Kimya.

"Katika maelezo yako ulisema saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili ni nini?"

Mtu akacheka kwenye benchi la mbele.

"Ulisema ulipigwa mara tatu. Tuonyeshe tatu kwa vidole."

Sekunda akanyoosha vidole vyote vya mkono mzima. Alikuwa anasema kweli. Kweli yake ilikuwa ile aliyoniambia mimi: nyingi.

Wakili akageuka kidogo kumtazama hakimu, kisha akamrudia kwa sauti ya upole kabisa. "Jioni ile ulikuwa unatoka bombani umebeba ndoo ya maji kichwani, ukateleza, ukaanguka. Sivyo?"

Damasi akatafsiri. Na mimi kule nyuma ndipo nilipoyakumbuka maneno yake. Ndoo kavu. Ndoo iko juu ya mawe, imefunikwa. Kwetu ndoo ikishatumika inafunikwa mdomo chini juu ya mawe ikauke, na ikiwa kavu jioni maana yake hakuna aliyekwenda bombani tangu asubuhi. Binti wa watu alikuwa amekwisha kujibu swali la wakili, pale kituoni, mara mbili, kabla wakili hajamjua. Jibu nililitupa mimi, likaenda na maji machafu ya kudekia.

Sekunda akasema, "Hapana."

"Nakuuliza tena. Ulianguka?"

Mara ya pili. Nilimwona anageuka, anatafuta benchi kwa benchi, mpaka akanipata. Alitazama kichwa changu. Sikukitikisa. Ningekitikisaje, mbele ya hakimu? Nilikaa kama jiwe. Naye hakuona kichwa kikitikisika, akajua amekosea.

"Nilianguka," akasema.

Nikasimama, nikanyoosha mkono kama mtoto wa darasani. Askari wa mlangoni, Pius, kijana niliyemnywesha chai yangu mara ngapi, akaja akaninong'oneza, "Mama, kaa, utafungwa bure." Nikakaa.

Nje nilimkuta Zaituni, nikamweleza yote. Akaenda mbio kwa mwendesha mashtaka, nikawaona kwa mbali wanaongea, yule akitikisa kichwa cha kukataa, akionyesha faili. Maneno ya ndoo hayamo. Shahidi mwenyewe amekiri ameanguka. Jirani hakuona tukio, dada amegoma kutoa ushahidi. Bonifasi akaachiwa. Waliondoka wote watatu kwa mguu kuelekea stendi, Bonifasi mbele, Modesta katikati, Sekunda nyuma, amebeba mfuko kwa mkono mzima.

Zaituni hakunifokea. Ningependa angenifokea. Jumatatu aliniita nikamtafsirie mzee mwingine, nikamwambia mimi nirudi kwenye dekio langu tu. Akasema, "Ukirudi kwenye dekio, kosa hili litakuwa limemwumiza Sekunda na halijamfundisha mtu. Kaa hapa." Nikakaa. Akanunua daftari kubwa, akapiga mstari katikati. Upande wa kushoto maneno kama yalivyosemwa, na kuku wake, na ndoo zake, na nyimbo kama mtu ameimba. Upande wa kulia ndipo afande aandike anachoelewa. Madaftari hayo ndiyo mnayoyaona kabatini na kuyaita hadithi za Bibi. Si hadithi. Mkipata nafasi yasomeni upande wa kushoto.

Nimefanya hivyo mpaka nimestaafu. Niliacha kuuliza saa, nikauliza jua lilikuwa wapi, mbuzi walikuwa wapi, nani alikuwa anapika. Niliacha kuuliza idadi. Kichwa changu nilikifundisha kutulia, na hilo lilikuwa gumu kuliko yote, kwa sababu mtu anayelia mbele yako unataka kumpa kitu. Mpe karanga. Hayo yote wakili wa Bonifasi alishanifundisha bila ada. Gervas amehamishwa, ila kila mwaka mpya ananipigia simu, ananiambia, "Shikamoo mama, kofia nimevua." Zaituni alistaafu kabla yangu, akarudi Busi, analima alizeti. Zipo kesi zilizosimama kwa sababu ya upande wa kushoto wa daftari. Nazijua kwa majina, zote. Lakini nikilala nahesabu ile moja.

Mwaka jana, nimeshajua naondoka, nikasikia kwa mama mmoja wa kwetu aliyelazwa hospitali kwamba Modesta ameachana na Bonifasi, amerudi Chemba na mdogo wake. Nikapanda basi. Modesta alinipokea, akanipa kigoda. Hakuwa na hasira, na hilo lilinichoma.

Nikamuuliza, "Mliishi naye tena baada ya kesi?"

"Misimu miwili ya mvua," akasema, akaangalia pembeni. Sikumuuliza kilichokuwemo ndani ya misimu miwili. Nilimwona Sekunda anakuja kutoka shambani, nikaona meno ya mbele hayapo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, Sekunda. Unanikumbuka?"

Akanitazama, kisha akatazama kichwa changu, akatabasamu kwa lile pengo. "Nilianguka," akasema.

Modesta akasema, "Anasema hivyo kwa kila mkubwa anayekuja amevaa viatu. Kwa daktari. Hata kwa padri. Wanamsalimia, anawaambia ameanguka."

Nililia, sifichi. Kisha nikajifuta, nikafanya kazi niliyoijua. Nilivua viatu. Nikashuka kwenye kigoda, nikakaa chini kwenye mkeka alipokaa yeye. Nikamwambia, "Niambie ya ndoo." Mara moja tu. Nikafunga mdomo, nikaanza kuhesabu vifungo vya blauzi ya Modesta. Vilikuwa vitano, kimoja kimekatika. Nilivihesabu sijui safari ngapi. Kuku walipita. Sekunda alichora chini kwa kidole.

"Iko juu ya mawe," akasema. "Imefunikwa. Kavu. Uji umeungua, akachukua jembe. Mimi sijaenda bombani."

Hayo ndiyo maneno yake, yote, kwa mpangilio wake. Nimeyaandika hapa upande wa kushoto, kwenye daftari lisilo na mhuri, na hakuna mahakama itakayoyasoma.

Na laiti ningeishia hapo. Lakini nilijawa na furaha, jamani, ya miaka yote ile. Nikamshika mkono uliopinda nikasema, "Umeona? Kwa hiyo hukuanguka!" Na kabla sijajizuia, nikahisi kichwa changu kinatikisika.

Sekunda akakitazama.

"Sikuanguka," akasema, haraka, kwa sauti ileile aliyosemea tatu.